Mlima kwa macho ni mkubwa, kwenye picha unageuka kichuguu. Nakosea wapi?

Fundi_Jokofu

Wakuu salaam.

Mimi si mpigapicha wa kazi. Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya chanjo kwenye zahanati. Kanda yangu ni Kilimanjaro na Tanga, kwa hiyo milima ambayo watalii wanailipia dola mimi naipanda kwa posho. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kamera ya mtumba, Nikon D3200 na lenzi yake ya 18-55 (milimita; 18 inaona eneo pana, 55 inavuta). Mpira wa kushikia ulikuwa umebanduka, nikaubandika kwa gundi ya viatu. Tangu hapo inasafiri ndani ya begi la spana, imeviringishwa kwenye fulana ya zamani.

Sasa shida yangu. Mwezi wa saba nililala gesti Moshi. Natoka nje saa kumi na mbili na nusu kupiga mswaki, nakuta mlima umefunguka wote, vilele viwili, Kibo mpaka Mawenzi, hakuna wingu hata la dawa. Nilisimama barabarani na povu mdomoni. Mlima ulikuwa umejaa mbingu nzima, naapa. Nikakimbilia kamera, nikapiga kama picha arobaini. Jioni nafungua kompyuta: robo tatu ni anga, chini nyaya za umeme, bodaboda mmoja anasubiri abiria, na kule mbali katikati kuna kitu kama chumvi iliyomwagikia kichuguu. Hicho ndicho Kilimanjaro.

Nikasema labda ni bahati mbaya. Baada ya wiki mbili nikawa Lushoto, kazi ikaisha mapema, nikaenda kusimama pale Irente. Wanaopajua wanapajua: unasimama kwenye ukingo wa mwamba, chini yako Mazinde, mashamba ya mkonge yamepigwa mistari kama daftari la hesabu, halafu tambarare inakwenda mpaka macho yanachoka. Ilikuwa saa nane mchana. Kwenye picha ni maziwa matupu. Ungeniambia nimepiga picha ya shuka ningekubali.

Ofisini wananiita "bwana kalenda". Mke wangu ndiye mkosoaji mkubwa zaidi, na hata hakusudii. Nampa kamera aangalie, anabonyeza, anabonyeza, anasimama kwenye moja, ananiuliza kwa upole kabisa: "Hapa ulikuwa unapiga nini?" Na mimi sina jibu, kwa sababu nilichokuwa napiga hakimo.

Naomba msaada. Tatizo ni kamera, lenzi au mimi mwenyewe? Lenzi kubwa siwezi kununua sasa hivi, Januari ina ada. Nawasilisha.

Kijana_wa_Temeke

Mkuu uza hilo dude ununue simu kali. Simu za siku hizi zinavuta mpaka unaona wapagazi wanavyokunywa uji kule juu.

Mzee_Taa_Nyekundu

Fundi, shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuitoa.

Mimi nilikuwa na studio Tanga kwa miaka mingi, picha za pasipoti, harusi, vipaimara. Nilisafisha picha mwenyewe kwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu, ndiyo maana ya jina langu hapa. Kamera yako ni nzima. Tufanye jaribio moja kabla watu hawajakuuzia vitu.

Siku ukiwa Moshi tena, nyoosha mkono wako mbele mpaka mwisho, kunja ngumi, gumba likae juu. Ngumi ya mtu kwenye mkono ulionyooka ni kama digrii 10 kwenda juu. Sasa pima mlima. Utashangaa: kutoka Moshi mjini mpaka kilele ni kama kilomita 30 kwa mstari wa kunguru, mji uko mita 800 na ushee, kilele mita 5,895. Piga hesabu utapata digrii 9 hivi. Yaani ule mlima uliojaa mbingu nzima haufiki ngumi yako moja. Na mwezi je? Mwezi ni nusu digrii. Hata ukiwa unachomoza mkubwa kama sinia, kidole chako kidogo kinaufunika na kubaki.

Lenzi yako ikiwa kwenye 18, kamera inaona digrii 46 toka chini mpaka juu, ngumi nne na nusu. Mlima wako umepewa sehemu moja kati ya tano, zilizobaki umezijaza anga na lami. Ukiizungusha mpaka 55 inaona kama digrii 16 tu, ngumi moja na nusu. Hapo mlima unachukua zaidi ya nusu ya picha. Lenzi ileile, hujalipa senti. Watu wengi wakiona kitu kikubwa wanafungua lenzi ili kiingie chote. Kinaingia, na kila kitu kingine kinaingia pamoja nacho, halafu chenyewe kinasinyaa.

Kuhusu nyaya. Jicho la binadamu lina adabu, likipenda kitu linanyamaza kuhusu vingine. Asubuhi ile ulikuwa na nyaya sita mbele yako na hukuziona hata moja, kwa sababu ulikuwa unautazama mlima. Kamera haina adabu hiyo, inataja kila aliyekuwepo. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza, zungusha macho kwenye kingo nne za picha, juu, chini, kushoto, kulia, uulize kila kitu unachokikuta: wewe nani kakuita?

Kingine, picha arobaini kwa mlima uleule, ukiwa umesimama palepale! Sisi mkanda ulikuwa na picha 36, na mkanda ulikuwa pesa. Nilipokwenda matembezi Unguja mwaka mmoja nilikuwa na mkanda mmoja kwa siku nne. Nilipita Capital Art Studio, ile iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, nikatazama picha zao za zamani ukutani. Majahazi, vichochoro, watu wamekaa barazani. Nikatoka pale nikapiga picha tatu siku nzima. Mbili ninazo mpaka leo.

Kijana_wa_Temeke

Mzee heshima yako. Nimefanya ngumi hapa dirishani, ghorofa la jirani ni ngumi mbili. Kumbe Kilimanjaro ni mdogo kuliko jirani yangu.

Mwl_Machame

Nimecheka "chumvi iliyomwagikia kichuguu". Mimi nafundisha huku chini ya mlima, nauona nikienda shule na nikirudi, kwa hiyo niseme jambo ambalo Mzee hakuligusa: mwezi wa saba si mwezi wa kuupiga ukiwa Moshi.

Fundi, angalia tena picha zako. Mlima uko rangi ya majivu, si kweli? Mwezi wa sita na wa saba jua linachomoza likiwa limeegemea kaskazini. Sisi tuko kusini mwa mlima. Asubuhi uso unaotutazama uko kivulini, jua linapaka upande wa pili, kule Rongai na Kenya. Desemba na Januari mambo yanageuka, jua linaegemea kusini, na asubuhi mwanga unaingia kwa ubavu upande wetu, makorongo yote yanajitokeza, unaona kabisa mlima una mikunjo kama kitenge kilichokunjwa. Umbo linaletwa na kivuli. Mwanga ukitoka mbele moja kwa moja, au usipokuwepo, mlima unakuwa bapa kama umekatwa kwa mkasi.

Na uwahi. Sisi tuko karibu na ikweta, jua halichomozi kwa kujivuta, linaruka. Rangi ile ya dhahabu ni ya dakika chache. Ikifika saa mbili au saa tatu mawingu yanapanda kutoka msituni na mlima unajifunga. Jioni wakati mwingine unafunguka tena kwa muda mfupi. Mgeni anayetoka kwenye chai saa nne kuuliza mlima uko wapi, tunamwonyesha wingu.

Mahali: acha mjini, shuka kusini kwenye majaruba ya mpunga, Mabogini na Chekereni. Wakati wa kupandikiza wanajaza maji, na kabla upepo haujaamka maji yanatulia kama kioo. Unapata milima miwili kwa bei ya mmoja.

Na hilo la "bwana kalenda" usilichukie. Sebuleni kwa baba yangu kuna kalenda ya chama cha ushirika, miezi ilishachanwa yote, imebaki picha ya juu tu: Kibo kutoka upande wetu. Baba alikataa isitolewe. Nilipokuwa mdogo niliona ni pambo. Siku hizi naitazama halafu natoka nje natazama chenyewe. Barafu za upande wa kusini, zile zinazoitwa Heim, Kersten na Decken, kwenye kalenda zinashuka kama ndevu za mzee. Nje ni vipande. Wataalamu waliopima wanasema kati ya 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa asilimia 85. Namba hiyo nilikuwa naisoma darasani bila kuisikia. Kalenda ya baba ndiyo iliyonifanya niisikie. Kwa hiyo piga, andika tarehe, na siku nyingine urudi usimame palepale.

Msambaa_wa_Ubiri

Kuhusu Irente, saa nane mchana hata mimi niliyezaliwa huku siipigi. Ule ukingo unatazama magharibi. Mchana jua linaanza kukuingia machoni, vumbi la tambarare linawaka lote, mbele yako kunakuwa pazia. Nenda asubuhi jua likiwa mgongoni, au subiri jioni kabisa ukubali kupiga anga na vivuli vya milima, uachane na mkonge.

Msimu nao. Kiangazi kuna vumbi na moshi wa watu wanaochoma mashamba. Mvua za vuli zikipiga siku mbili tatu, asubuhi inayofuata hewa imeoshwa, unahesabu malori kwenye barabara kuu kule chini.

Tahadhari moja kwa mtu wa safari nyingi kama wewe: madaraja, kambi, mabwawa, usijipigie tu.

Fundi_Jokofu

Mzee, shikamoo, na samahani kwa kuchelewesha. Hiyo ya ngumi nimewafanyia mafundi wenzangu, leo ofisi nzima inapima vitu kwa ngumi.

Msambaa, umeongea nimechelewa. Mwaka jana nilipiga daraja moja, mto ulikuwa mwekundu baada ya mvua na daraja limeakisiwa chini. Mlinzi akaja. Alinikalisha saa mbili, tukafuta picha moja moja, na alipofika kwenye picha za ndani ya jokofu, mabomba na nyaya, ndipo aliponishuku kabisa. Iliyoniokoa ni barua ya kazi.

Mwalimu, nimezifungua tena zile arobaini. Majivu kweli. Nilidhani ni kamera.

Swali la mwisho: Mzee ameniambia nivute, sawa. Lakini nikivuta, mlima unakaa peke yake kama picha ya pasipoti. Nimeona wengine wanaweka mtu mbele, mchungaji au mama na ndoo, ili ukubwa uonekane. Nifanye hivyo?

Dada_Mkunazini

Hapa ndipo ninapowaogopa wapigapicha. Mnaongea "kuweka mtu mbele" kama vile mnaweka jiwe. Mimi nimekulia Mji Mkongwe, dirishani kwetu tumepigwa picha na nusu ya Ulaya. Bibi yangu akikaa barazani kuchambua mchele, anageuka anakuta lenzi. Mahali fulani huko duniani bibi yangu yuko ukutani kwa mtu, na yeye hakuwahi kuiona hiyo picha.

Fundi, wewe ni mtu wa kuingia majumbani na zahanati kwa hodi. Piga hodi hapo pia. Salamu kwanza, omba, ukikubaliwa piga, na umpelekee nakala. Ukikataliwa, mlima haujakimbia.

Mzee_Taa_Nyekundu

Dada amesema kweli, sina la kuongeza. Ila Fundi ujiandae: ukimwomba mtu ruhusa, atanyooka.

Fundi_Jokofu

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Novemba hii nilipangiwa zahanati mbili za tambarare upande wa Moshi, nikalala huko siku tatu.

Asubuhi ya kwanza nilimlipa bodaboda anipeleke majarubani saa kumi na moja. Giza, vyura, mbu. Nikasimama kwenye tuta mpaka saa moja na nusu. Mlima haukutoa hata unyayo. Bodaboda aliniuliza kama nina uhakika uko upande huo.

Asubuhi ya pili nikarudi, zaidi kwa aibu kuliko kwa matumaini. Saa kumi na mbili kamili mawingu yalikuwa mstari mmoja mnene katikati ya mlima, halafu juu yake, mahali ambapo mimi nilidhani ni anga, kukawa na kitu cha rangi ya waridi. Mwalimu, hukuniambia kwamba kilele kinapata jua kabla yetu. Sisi chini bado tuko kwenye bluu, vidole havionekani vizuri, kule juu tayari kumekucha. Nikazungusha mpaka 55, nikaweka begi la spana juu ya tuta, kamera juu ya begi, tundu la lenzi f/8, usikivu wa mwanga ISO 100. Ya kwanza barafu ikaungua, nyeupe tupu. Nikapunguza mwanga kidogo, ikarudi na mistari yake. Nikatazama kingo nne kama Mzee alivyosema. Kushoto kulikuwa na nguzo. Nikasogea hatua tano, mguu mmoja ukaingia kwenye tope mpaka gotini, nguzo ikatoka.

Hapo akatokea mzee mmoja anasukuma baiskeli juu ya tuta la mbele, jembe limefungwa nyuma, na chini yake kwenye maji baiskeli ya pili imepinduka inasukumwa na mzee wa pili. Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nikamkumbuka Dada. Nikashusha kamera, nikapaza sauti, "Shikamoo baba!"

Akaitikia, akasimama. Nikajieleza: fundi wa majokofu, napenda picha, naomba nikupige ukiwa unapita na mlima. Akasema hakuna shida. Akaegemeza baiskeli, akafunga kifungo cha juu cha shati, akageukia kwangu, mikono chini, kidevu juu, kama yuko mbele ya bendera. Mzee, amenyooka kweli! Nikamwambia baba, endelea tu kutembea. Akajibu: "Nikitembea sura itaonekanaje?"

Sikuwa na jibu. Nikampiga alivyotaka. Alipoondoka akaendelea na safari yake bila kuniangalia tena, nikapiga moja nyingine kwa idhini ileile, mgongo wake, baiskeli, mlima. Dakika kumi baadaye wingu likapanda na kufunga duka.

Jumla picha sita. Nilipofika nyumbani nikampa mke wangu kamera bila kusema neno. Amebonyeza, amefika kwenye ile ya mgongo, amesimama. Nikasubiri swali langu. Akauliza, "Huyu anakwenda wapi asubuhi yote hii?"

Nakala nilizisafisha zote mbili saizi ya posta, nikampitishia mzee mwenyewe wiki iliyofuata. Ile ya mgongo aliigeuza mara moja akaiweka chini. Ile aliyonyooka ameitazama muda mrefu, akaita wajukuu, wakaitazama. Mlima nyuma yake hakuna aliyeutaja. Kisha akanirudishia akiwa amekunja uso, kidole kimegusa ukingo wa kulia: gurudumu la mbele la baiskeli nimelikata nusu. Baiskeli ni mpya, anasema, na mtu akiiona hivi atadhani ina hitilafu.

Jumatatu nina jokofu la kukagua upande uleule. Nimemwahidi nitarudi mapema, kabla hajatoka, tupige nyingine yenye magurudumu mawili.